Hasara Unayoimudu

1

Kikadirio kilimuuliza Eliada Tweve swali lilelile kwa mara ya tatu mwezi huo, kwa sauti ileile tulivu isiyojua kuchoka.

"Lengo la biashara yako ni lipi?"

Eliada alisogeza kiti karibu na kioo. Kibanda cha mahojiano kilikuwa chembamba kiasi kwamba magoti yake yaligusa ukuta, na mtu aliyemtangulia alikuwa ameacha humo harufu ya vitunguu. Mara ya kwanza Eliada alijibu ukweli kwa ufupi, akapata asilimia kumi na tisa. Mara ya pili alijibu ukweli uleule kwa maneno mengi, akapata ishirini na moja. Leseni ilihitaji sitini. Bila leseni hakukuwa na fremu ya kupanga, hakukuwa na mita ya umeme, na hakukuwa na ruhusa ya kuuza hata kiberiti barazani.

"Ninatengeneza matofali ya baridi," alisema. "Yanalazwa mlimani Kitulo, yanakunywa baridi, halafu yanaitunza siku nne. Nitawauzia watu wenye vitu vinavyoharibika kwa joto."

"Mteja wako ni nani?"

"Bado simjui. Nitamjua akija."

"Jibu halijakamilika. Chagua kundi moja la wateja."

Orodha ilijitokeza kwenye kioo: hospitali, wauza maua, wauza samaki, wauza nyama, makundi kumi na manane kwa jumla. Eliada aliisoma yote na akahisi hasira ikimpanda taratibu. Aliujua ubaya wa orodha kama hiyo. Ukichagua samaki leo, utatengeneza tofali la kuenea kwenye sanduku la samaki, na mwenye maua akija kesho utamwambia kwamba hukumtarajia. Katika miaka arobaini na miwili ya kuanzisha biashara, hakuna hata moja iliyoishia kwa mteja aliyekuwa kichwani mwake siku ya kwanza. Kiwanda chake cha mishumaa kiligeuka kuwa kiwanda cha rangi ya viatu. Ushonaji wa sare za shule ulimfikisha kwenye mahema. Alikuwa ameanzisha biashara tisa. Tano zilikufa, na hakuna iliyomwangusha, kwa sababu hakuwahi kuweka ndani ya biashara yoyote kitu ambacho hangeweza kuishi bila kuwa nacho.

Alikataa kuchagua. Kikadirio kilisubiri sekunde thelathini, kama kilivyoagizwa, kisha kikatoa matokeo. Ishirini na tatu.

Nje ya kibanda foleni ilikuwa imezunguka jengo zima. Hakuna aliyeiita mashine ile Kikadirio isipokuwa waajiriwa wake. Njombe nzima waliiita Ramli. Mtu alisema amepigiwa ramli akapata hamsini na nane, na wenzake wakampa pole kama aliyefiwa. Wazee walikumbuka enzi ambazo kupiga ramli kulikuwa kosa la jinai. Sasa kosa lilikuwa kuanza chochote kabla ya kupigiwa.

"Ngapi?" aliuliza mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua.

"Ishirini na tatu."

"Umepanda. Ukizidi kuja, mama, kufika Krismasi ya mwaka wa kesho kutwa utakuwa umefuzu."

Watu wakacheka. Eliada alitabasamu kwa adabu, akakunja risiti yake mara nne, na kuitia kwenye mkoba pamoja na zile mbili za awali.

2

Lori la shemeji yake lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta wa ofisi, kwenye kivuli chembamba. Yeriko Chaula, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kabini akimenya chungwa. Hakuuliza. Uso wa Eliada ulikuwa umekwisha kumjibu.

Matofali mia moja na ishirini yalikuwa nyuma, yamefunikwa kwa magodoro ya zamani. Yalikuwa ya udongo wa kijivu uliochanganywa na chumvi ya aina mbili, na kila moja lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Mwalimu wa kemia aliyestaafu, rafiki wa Eliada tangu ujana, ndiye aliyegundua mchanganyiko huo alipokuwa akitafuta kitu kingine. Banda la kuyakaushia lilikuwa ghala la pareto lililoachwa, mali ya kanisa. Lori lilikuwa la Chaula. Eliada hakuwa amekaa chini kupanga biashara ya baridi. Aliwatazama watu aliokuwa nao na vitu walivyokuwa navyo, akauliza ni kitu gani kinaweza kutoka humo. Bondeni, nyuzi arobaini na nne zilikuwa jambo la kawaida kuanzia Septemba. Kule Kitulo umande bado uliganda asubuhi. Baridi ilikuwa mkononi mwake, bure, na hakuna aliyekuwa akiichukua.

Alikuwa bado hajapanda lori alipoitwa. Obadia Mbilinyi, msimamizi wa Kikadirio wilayani, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa ofisi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, shati lake limepigwa pasi vizuri, na macho yake yalikuwa ya mtu anayelala kidogo.

"Shikamoo, Mama Tweve."

"Marahaba. Umekuja kunipongeza?"

Mbilinyi hakucheka. Alimkaribisha ofisini, akafunga mlango, na kumwambia jambo ambalo hakupaswa kulisema mbele ya foleni. Kikadirio kilikuwa kinashindwa.

Alilieleza tatizo kwa utaratibu, kama mtu aliyelirudia mbele ya wakubwa mara nyingi. Mashine ilikuwa na kumbukumbu za biashara zote zilizosajiliwa kwa miaka kumi na mitano. Mwombaji alipotaja lengo, mashine ilianzia kwenye lengo hilo na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi alipo mwombaji, ikihesabu mahali ambapo waliomtangulia walikwama. Njia iliyokanyagwa na wengi ilipata alama nyingi, kwa kuwa ilijulikana. Kwa hiyo kila aliyetaka kufuzu aliifuata njia hiyohiyo. Barabara moja ya Njombe sasa ilikuwa na maduka arobaini na moja ya mafuta ya parachichi, yote yenye zaidi ya asilimia sabini, na thelathini kati yake yalikuwa yamefungwa.

"Mashine inatabiri vizuri sana yaliyokwisha kutokea," alisema Mbilinyi. "Tumewapitia wafanyabiashara wote wa kanda hii wenye uzoefu wa zaidi ya miaka thelathini. Kila mmoja wenu anapata alama mbaya, na kila mmoja wenu anadumu. Hatujui mnafikiri vipi. Tunataka kujua."

Alifungua droo na kutoa utepe mweusi wenye vishikizo vidogo vya shaba. Mtu aliuvaa kichwani, akapewa masuala ya biashara ya kubuni, na kuyatatua huku akisema kwa sauti kila wazo lililomjia. Utepe ulinasa maneno pamoja na mwendo wa fikra chini ya maneno. Siku mbili zilitosha. Kikadirio kingejifunza namna yake ya kuamua, na kuanzia Jumatatu iliyofuata kingewapima waombaji wote wa nyanda za juu kwa namna hiyo. Kwa upande wake, Eliada angepewa leseni siku hiyohiyo ya kukamilisha.

Eliada alimuuliza kwa nini hawakumpa leseni tu na kumwacha afanye kazi. Mbilinyi alijibu kwamba hakuwa na kitufe cha namna hiyo.

Chaula aliposimuliwa, aliona hapana cha kujadili. Alisema kwamba watu hulipwa kwa kubeba mizigo, na hapa mtu anapewa leseni kwa kupiga soga siku mbili.

3

Suala la kwanza lilihusu sufuria linaloivisha chakula bila moto. Masuala yalikuwa kumi na saba, na yote yalihusu sufuria hilo. Mbilinyi aliyasoma kutoka kwenye karatasi. Eliada, akiwa na utepe kichwani, alitakiwa asinyamaze kwa zaidi ya sekunde tano.

Ilikuwa kazi ya kuudhi kuliko alivyotarajia. Mambo aliyoyafanya maisha yake yote bila kuyaita jina yalikuwa sasa yanavutwa moja moja kama nyuzi kwenye sweta. Mbilinyi alimuuliza angefanyaje utafiti wa soko. Eliada alisema asingefanya. Angempelekea sufuria moja mama lishe anayefahamiana naye pale stendi, na kumwangalia analitumia kwa kazi gani.

"Na asipolipenda?"

"Nitamuuliza angelipenda likiwaje. Akisema liwe na mpini, na akakubali kunitafutia mtu wa kutengeneza mipini, basi ameshaingia. Si mteja tena. Ni mwenzangu."

"Faida unayotarajia mwaka wa kwanza ni kiasi gani?"

"Sianzii huko, mwanangu. Faida siijui, na anayesema anaijua anakudanganya. Ninachokijua ni hasara. Najiuliza naweza kupoteza nini na bado nikaamka kesho nikanywa chai. Nikishajua, naweka hicho tu. Kikipotea, nimenunua elimu. Kikirudi, naongeza."

Mbilinyi aliandika pembeni, hasara unayoimudu, na kupigia mstari. Taa ndogo ya utepe ilimetameta kijani kila Eliada alipozungumza, na hilo pia lilimuudhi. Siku ya pili mchana alijikuta akisema kwa ukali kwamba mpango ukiharibika ndipo kazi inapoanza, na kwamba siku malori yalipozuiwa kubeba mishumaa yake ndiyo siku aliyogundua kuwa fundi viatu wa jirani alikuwa anainunua nta yake kwa siri. Alisema watu kwanza, kitu baadaye. Alisema usikisie kesho. Shika kile unachoweza kukisogeza kwa mkono wako leo, na kesho itakuwa na alama za vidole vyako.

Alipomaliza suala la kumi na saba koo lilikuwa limemkauka. Mbilinyi alimvua utepe kwa uangalifu, kama anayemvua mgonjwa bandeji.

4

Asubuhi ya Ijumaa Kikadirio kipya kilikuwa tayari. Hakikumuuliza lengo. Kilimuuliza ana nini, anajua nini, anamjua nani, na anaweza kupoteza kiasi gani. Eliada alijibu kila swali bila kusita, na kwa mara ya kwanza mwezi huo hakujisikia mjinga. Alitaja banda, lori, mwalimu wa kemia, wauguzi wawili, mchungaji, madereva, wanachama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa. Majina yalifika mia moja na sita kabla sauti haijamwambia yanatosha.

Themanini na nane.

Mbilinyi alipumua kwa nguvu. Leseni ilikuwa kwenye kioo, imejazwa, ikisubiri dole gumba la Eliada mahali pawili. Alama ya kwanza ilikuwa ya kupokea leseni. Ya pili ilikuwa ya kuruhusu fikra zake zitumike wilaya zote. Moja haikufanya kazi bila nyingine, na zote zingefungwa saa tano.

Eliada alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Kinaweza kumpima mtu asiyekuwepo?"

"Kama una taarifa zake."

"Ninazo. Mwandike. Msichana, miaka kumi na tisa, ameshuka Makambako kutoka Makete."

Mbilinyi alitazama saa, akaandika. Eliada alimtajia kila kitu kwa utulivu. Mali: blanketi moja. Elimu: darasa la saba. Ujuzi: kulima viazi. Watu anaowajua pale mjini: hakuna. Hasara anayoweza kuimudu: hakuna, kwa kuwa hata blanketi hangeweza kulikosa na akalala.

Mashine haikuhitaji hata sekunde mbili. Asilimia nne.

Mbilinyi alidhani amekosea kuandika. Alirudia upya, ikawa nne. Kwa hamu ya kujua, alimpitisha msichana huyohuyo kwenye Kikadirio cha zamani, akimwandikia lengo la kuuza viazi. Akapata thelathini na tisa.

"Huyo ni mimi," alisema Eliada.

Alimweleza kwa ufupi. Mwaka huo mizani ya magari ya Makambako iliharibika na malori yakakwama siku mbili. Msichana alimfuata mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mkaa, mtu asiyemjua, akamwomba debe la mkaa na kipande cha bati. Mwanamke yule alimtazama, akampa. Kufika jioni alikuwa amewachomea madereva viazi vyote alivyopewa na mtu mwingine asiyemjua. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya kwanza.

"Basi tuongeze hilo," Mbilinyi alisema. "Tuandike watu asiowajua."

"Wangapi?"

Mtu ambaye hujakutana naye hana jina, hana kumbukumbu, na mashine haina mahali pa kumweka. Kikadirio kilijifunza kwa kile kilichonaswa, na kwa siku mbili nzima, katika masuala kumi na saba, Eliada hakuwa amemtaja hata mara moja mtu asiyemjua. Kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akiwa na miaka sitini na mmoja hakuwa na haja tena ya kuomba kwa wageni. Alikuwa amewajua wote. Kila alipoulizwa aanzie wapi, alianzia kwa watu wake, na mashine ilimsikiliza kwa makini ikaelewa kwamba asiye na watu asianze.

Alimuuliza kama angeweza kurudia zoezi lote.

"Jumatatu kinaanza kazi, mama. Na hata ukirudia, utasema nini? Utakifundisha kwamba mtu asiye na kitu, asiyemjua mtu, apite? Kitawapitisha wote, na hapo hakuna tena haja ya kupima."

Eliada alijua kuna jibu, kwa sababu alikuwa ameishi ndani yake, lakini halikukubali kuwa kanuni.

Mbilinyi alisogeza kiti. Alizungumza kwa heshima, na kwa haraka, kwa kuwa ilikuwa imebaki nusu saa. Kikadirio cha zamani kilikuwa kinawapitisha watu ishirini na tisa katika kila mia. Hiki kipya, kwa majaribio ya jana, kilikuwa kinawapitisha arobaini na wanane, na biashara zao zingedumu. "Hao ni watu kumi na tisa katika kila mia," alisema. "Wana watoto. Wako kwenye foleni hiyo hapo nje. Utawaambia nini? Kwamba uliwanyima kwa ajili ya msichana wa zamani aliyekwisha kufaulu?"

"Ramli ya zamani ilinyima watu kwa walichoandika," alisema Eliada. "Ukirudi unaandika kingine. Unadanganya kidogo, unapita. Hii itawanyima kwa walivyo. Wakirudi kesho watakuwa bado ni walewale."

"Kwa hiyo bora wadanganye."

"Bora wawe na mlango wa kurudia."

Wote wawili walikuwa wamekasirika sasa, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mwenzake amekosea.

5

Aliomba dakika kumi akatoka kwenda kwenye lori.

Chaula alimsikiliza akiwa bado ameshika usukani, kana kwamba walikuwa safarini. Eliada alimweleza yote: themanini na nane, ile nne, dole gumba, saa tano. Alitegemea amwelewe. Alimaliza kwa kusema kwamba, kwa upande wake, alikuwa tayari kuikosa biashara ya baridi. Ilikuwa hasara anayoimudu.

Chaula alizima redio.

"Yako," alisema. "Shemeji, wewe umefunga biashara tano ukaziita elimu. Mimi nina lori moja. Nimelikata bodi, nimeliwekea magodoro na mbao kama chumba cha bibi harusi. Nani tena atalikodi kubeba mbolea? Siku ile uliniambia tuanze na tunachoweza kupoteza. Ukajibu wewe, ukafunga daftari. Mimi hukuniuliza."

Lilikuwa jambo la kweli, na hakukuwa na pa kuligeuzia. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amewaambia watu kwamba kila anayeingia huleta chake na hujiwekea mpaka wake. Kwa shemeji yake aliukisia mpaka huo, kwa kuwa alikuwa wa nyumbani.

"Nakuuliza sasa," alisema.

"Sasa, dakika kumi kabla ya saa tano."

"Ndiyo. Sasa."

Chaula alitazama foleni kupitia kioo cha mbele. Alisema kwamba ingekuwa yeye, angeweka dole na kwenda zake. Alisema kwamba marehemu kaka yake alimwonya juu ya huyu mke aliyemwoa. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba lori hawezi kulipoteza. Msimu mmoja anaweza. Msimu mmoja wa kubeba viazi juu ya magodoro na kuchekwa na madereva wote wa Makambako, huo anaweza kuumeza. Wa pili hapana.

"Msimu mmoja," alisema Eliada.

"Na nimekasirika. Usidhani sijakasirika."

6

Kukataa leseni na kufuta fikra zake kwenye mashine hakukuwa jambo la mara moja. Kikadirio kilimwonya kwamba leseni yake itaondolewa. Kilimwonya kwamba alama yake itarudi ishirini na tatu. Kilimwomba athibitishe mara mbili, kisha kikamtaka aeleze sababu kwa maneno yasiyozidi kumi, na hakikukubali nafasi tupu.

Eliada alikaa mbele ya ile nafasi huku dakika zikipita. Yote aliyotaka kusema yalihitaji maneno mengi zaidi. Mwishowe aliandika matatu: "Yule msichana hakupita." Akaweka dole gumba.

Mbilinyi alisimama dirishani, amempa mgongo. Ile leseni ilififia kwenye kioo, jina lake la mwisho likiwa la mwisho kutoweka.

"Jumatatu wataamka na kile cha zamani," alisema. "Ishirini na tisa katika mia. Nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika nimekataa."

"Wataniuliza kwa nini."

"Unajua kwa nini."

"Ninajua," alisema Mbilinyi. "Wala sikubaliani na wewe." Hata hivyo alimfungulia mlango, kama ilivyompasa mbele ya mtu wa umri wa mama yake, na akabaki ameshika kitasa hadi Eliada alipofika uani.

Jua lilikuwa limepanda, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimeliacha lori. Matofali yalikuwa katika siku yake ya nne. Kufika alasiri yangekuwa udongo tu, na safari ya kuyarudisha mlimani yakiwa na baridi haikuwa na maana. Kuyauza hakukuruhusiwa. Kugawa hakukuhitaji leseni. Eliada alimwambia Chaula afungue nyuma. Chaula alipanda na kuanza kumshushia tofali moja moja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Watu wa foleni waliyapokea kwa mashaka, kisha kwa furaha. Waliyaweka shingoni, wakayakalia, wakayakanyaga kwa nyayo. Yule mwanamume mwenye koti la mvua alilivua koti, akalikumbatia tofali lake kifuani, na kutangaza kwamba akipata asilimia kumi leo hatajali.

Mwanamke mmoja hakuliweka popote. Alikuwa na risiti ya thelathini na moja ameibana kati ya vidole. Aliligeuza tofali, akalinusa, akalipima kwa mikono miwili. Aliuliza baridi hiyo hukaa muda gani. Eliada alimwambia siku nne, ikifunikwa.

"Ndani ya kitu chenye maji je?"

"Sijawahi kujaribu."

Mwanamke alisema jina lake ni Skolastika Mgaya, na kwamba anagema ulanzi, pombe ya mianzi, upande wa Mdandu. Ulanzi ukitoka kwenye mwanzi asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Kufika jioni umekwisha kuchacha. Watu wa Njombe waliohamia Dodoma wanampigia simu kila wiki wakitaka mtogwa, na kila wiki anawaambia waje wenyewe. Hiyo ndiyo biashara aliyokuwa ameiombea leseni, na Ramli ilimjibu kwamba hakuna aliyewahi kuufikisha Dodoma ukiwa mtamu. Aliuliza kama tofali linaweza kuwa la mviringo, la kupita kwenye mdomo wa pipa.

Eliada hakuwa amewahi kufikiria tofali la mviringo. Alimwambia ukweli. Leseni hakuwa nayo. Uhakika hakuwa nao. Chumvi ile ikigusana na ulanzi huenda ikauharibu, na ingebidi itafutwe namna ya kuikinga. Alichokuwa nacho kilikuwa msimu mmoja.

"Wewe una nini?" alimuuliza.

Skolastika alifikiri. "Nina mianzi. Nina dada aliyeolewa Dodoma. Na pipa moja, ila limetoboka."

Juu ya lori Chaula alikuwa ameacha kushusha. Alikuwa amesimama na tofali mikononi, amekunja uso, jasho likimtiririka.

"Limetoboka wapi?" aliuliza.